Kidole cha Verlyn na Barabara ya Ishirini

Mheshimiwa Meya Hruska, Mchungaji Amdahl, wageni waalikwa, na ninyi madereva wa magari ya kusukuma theluji mnaoinyemelea pai yangu ya cheri kabla sijamaliza: habari za mchana!

Mimi Arlene wa mgahawani nimeombwa nimuage Verlyn Kucera, anayestaafu leo baada ya miaka thelathini na minne ya kusukuma theluji kwenye Barabara ya Ishirini. Barabara hii ilipewa namba yake mwaka 1926. Inaanzia Boston, inakata mashamba ya mahindi ya Iowa, inapita hapa kwetu Nebraska, inapoteza namba ndani ya hifadhi ya Yellowstone, inaibuka ng'ambo, na haikomi mpaka Newport, Oregon, baharini. Maili elfu tatu na ushei! Na Verlyn wetu ameziona ngapi? Arobaini! Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, jamani!

Mnajua adabu yetu: ukipishana na mtu barabarani, unainua kidole kimoja kwenye usukani kumsalimu. Usipoinua, umemdharau. Basi baridi ya mwaka tisini na saba nilipishana na Verlyn, nikainua changu. Yeye hakuinua chake! Nikanuna, nikampiga marufuku mgahawani mwezi mzima. Aliporudi, aliweka mikono yote miwili juu ya kaunta, imefungwa bendeji.

"Hita ya gari ilikufa njiani, Arlene, vidole vikaganda. Ulitaka niinue nini, pua?"

Mnacheka, lakini mimi aibu ile ninayo hadi leo.

Sasa, wiki iliyopita akaniambia, "Jumatatu naenda Boston, halafu naifuata Ishirini yote hadi baharini. Kiti cha pili kitupu, bibie."

Nikamjibu, "Na mgahawa nimwachie nani, ng'ombe?"

Akanywa kahawa yake, akaondoka. Sote wawili tulishafiwa na wenzi wetu, na wote hapa mnajua alichokuwa ananiuliza. Kusema kweli niliogopa. Tangu nimzike mume wangu sijavuka mpaka wa kaunti hii, na usingizi umenipaa wiki nzima.

Ndugu zangu, kuanzia Jumatatu mgahawa umefungwa. Tangazo liko mlangoni, kapikeni kwenu! Verlyn, acha kutazama viatu, tazama huku. Kidole changu hiki hapa, kiko juu. Leo mikono yako mizima. Cha kwako kiko wapi?

Haya, mmekiona wote! Asanteni kwa kunivumilia, na pai kateni wenyewe, mimi nakwenda kufunga mizigo.