Marehemu Changawa Masha, Fundi wa Boila Aliyetengwa na Meza ya Bwana

Bwana asifiwe, wazee wa kanisa, majirani zetu Waislamu mliofika tangu asubuhi, na wote mlioacha kazi zenu, anayewasomea haya ni Kadenge Masha, mdogo wa marehemu na katibu wa kanisa hili, amechaguliwa na familia, naye anaomba mumvumilie, maana humu yamo asiyoyaelewa hadi leo.

Marehemu Changawa Masha alizaliwa mwaka wa 1968, kitambulisho chasema ni Kipini tarehe mosi Januari, mama yake alisema ni kijiji cha Wema wakati wa mafuriko, familia imeshindwa kupatanisha, basi iandikwe kwamba alizaliwa kando ya mto Tana. Alisoma shule ya msingi Wema, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1982, akaenda Mombasa kujifunza ufundi wa mabomba, na kuanzia 1987 hadi 2010 alitunza boila za hoteli moja Malindi, kisha akarudi Garsen na kazi yake hiyo hiyo. Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa takatifu na Janet, huyu tuliye naye hapa, wakajaliwa watoto watatu, Masha, Mbodze na Randu, na wajukuu wanne.

Mwaka wa 2023 shule moja ya bweni hapa Garsen iliacha kuni, ikamwita marehemu afunge boila kubwa ya gesi jikoni, akaifunga pamoja na dohani yake, lile bomba la kutolea moshi juu ya paa, na Jumatano tarehe 8 Februari akaja kuipima kabla ya kuikabidhi. Alipaka povu la sabuni kwenye maungio yote ya gesi, hakuna lililovuja, akaiwasha, akafunga milango na madirisha, akachukua chetezo cha ubani alionunua dukani kwa Barwako, akakisogeza penye mdomo wa chini wa dohani, akasimama midomo ikimcheza, na Hope, mpishi mkuu, akichungulia kiooni, akaona moshi wa ubani haupandi, unamrudia fundi usoni. Marehemu akazima, akafunga koki ya gesi, akaizungushia waya na kitambaa chekundu, akasema isiguswe mpaka dohani iongezwe mita mbili, kwa sababu paa jipya la bwalo limeizidi kimo na upepo unarudisha moshi ndani.

Sasa ndugu, ubani, kitambaa chekundu, mtu ananong'ona peke yake, na baba yao alikuwa mganga kabla ya kuokoka, basi Kadenge alipopashwa habari na Hope hakungoja kuuliza. Jumapili tarehe 19 Februari baraza la kanisa lilimwita marehemu, akajibu, "Siombi kitu, nahesabu dakika, naangalia moshi unakwenda wapi," mzee mmoja akamwambia, "Hata babako alikuwa akiangalia moshi unakwenda wapi," watu wakacheka, Kadenge naye akacheka, na kwa mkono wake mwenyewe akaandika kitabuni kwamba Changawa ametengwa na Meza ya Bwana. Kesho yake akaenda shuleni, akakemea, akakata ule waya, akakichoma kitambaa, na fundi mwingine akaiwasha boila.

Jumatatu tarehe 6 Machi ilinyesha mvua ya upepo, wapishi wakafunga kila kitu, na kabla ya saa sita Hope akaanguka, wenzake wawili wakatoka wakiyumba na kushika vichwa, Kadenge akaitwa, naye akasimama mlangoni akikemea mapepo hadi marehemu alipofika, akamsukuma kando, akafunga gesi, akafungua madirisha, akamburuta Hope hadi nje kwenye mvua. Daktari alisema moshi wa gesi waweza kuua bila harufu wala rangi, na dakika chache zaidi tungalizika. Marehemu akauliza, "Mdogo wangu, kitambaa changu umekiweka wapi?" akajibiwa, "Kaka, nilikichoma," akamtazama, akachana pindo la shati lake, akaifunga koki upya, na wiki ile akaongeza dohani, na boila inapika hadi leo.

Hapa ndipo Kadenge anapochanganyikiwa, kwa kuwa kila mtu alijua ukweli, na bado jina halikufutwa, kila kikao alijiambia litafutwa kikao kijacho, akiona haya kuomba aandike kinyume cha mwandiko wake, na miaka miwili marehemu alikaa benchi la nyuma wengine wakishiriki, hakunung'unika, na haijulikani kama alisamehe au alinyamaza tu.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2024, akatibiwa Malindi, na Kadenge alikwenda kuungama kando ya kitanda, lakini kabla hajafungua kinywa marehemu akamuuliza kama kofia ya dohani haijapata kutu, wakazungumza kutu hadi saa ya kuona wagonjwa ikaisha. Alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa kumi alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wa shule, mafundi wenzake, Barwako na majirani walioleta maziwa na turubai, na Hope, ambaye tangu juzi hajatoka jikoni kwetu. Jana baraza lilifuta jina, shemasi Valentine akauliza, "Tunamfutia nani, naye ameshakwenda?" na Kadenge anaomba mbele yenu nyote kwamba mstari huo uliofutwa usiachwe wazi, liandikwe jina lake yeye Kadenge, na kalamu ashike mtu mwingine.

Changawa, kaka, pumzika katika amani ya Bwana, Mezani pake hapana katibu.