Mama Kitabu Anaiachia Kamba

Katika nyumba zote za michezo ya nyimbo, za huku na za ng'ambo, hakuna anayevuta pazia kunishinda mimi. Waimbaji wanajua, wapiga ala wanajua, na pazia lenyewe linajua, maana nikilishika tu linatulia kama mtoto aliyeshiba. Nimeanza na hilo ili msomaji ajue anasimuliwa na nani. Shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini Katibu wa jarida letu kakosa mwandishi mwingine. Wenye vyeti vyao wote wamezama kwenye habari za tuzo: nani kapata, nani kanyimwa, nani kajifungia chooni analia. Kazi ikaniangukia mimi, na bahati ni yenu.

Anayeagwa ni Mama Kitabu. Tarehe thelathini mwezi huu anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Kati ya hiyo, thelathini na mmoja ameikalia stuli ile ile ya mbao upande wa kushoto wa jukwaa, nyuma ya kitambaa cheusi, kitabu cha mchezo mapajani na penseli kwenye nywele. Kwa wageni wa fani hii, mshika kitabu ndiye anayefuata kila neno linaloimbwa, akamnong'oneza aliyesahau, na ndiye anayetoa ishara taa zibadilike, ala zianze, pazia lishuke. Mtazamaji akimwona, ujue mambo yameharibika.

Hakuanzia hapo. Alianzia dirishani, akikata tiketi. Kibanda cha tiketi kimepakana na ukumbi kwa ukuta mwembamba, na kwa miaka mitatu Mama alisikia kila mchezo kupitia ukuta ule bila kuuona hata mmoja. Siku moja mshika kitabu wa wakati huo akaamka sauti imekauka, na kitabu chenyewe kakifungia nyumbani kwake. Meneja wa zamani akawa anazunguka korido kajishika kichwa. Bawabu, ambaye alikuwepo na hajaacha kuisimulia hadi leo, anasema Mama alitoa kichwa dirishani akamwambia, "Mzee, kama ni maneno tu, mimi ninayo yote. Nionyeshe pa kukaa." Akaonyeshwa, na hakuinuka tena. Mwenyewe husema kilichomshangaza siku ile ni farasi. Miaka mitatu alimsikia farasi akikimbia, kumbe ni mpiga ngoma mwenye vifuu viwili vya nazi.

Mimi nilimkuta miaka sita iliyopita. Pa kuvutia pazia pako nyuma ya nguzo. Ukisimama pale huoni jukwaa hata kidogo, unaona ukuta, na kwenye ukuta msumari wa kutundikia koti. Zamani palikuwa na taa ndogo nyekundu ya ishara, lakini ilikufa kabla sijaja na hakuna aliyejali kuizika. Mama akajitengenezea njia yake. Alitandika kamba nyembamba kutoka kwenye stuli yake, ikapita chini ya kitambaa, mpaka kwenye kifundo cha mkono wa mvuta pazia. Ikivutwa mara moja, maana yake kaa tayari. Ikivutwa mara mbili, teremsha. Kila siku kabla ya onyesho alinifunga mwenyewe. Shikamoo yangu aliipokea akiwa tayari anakunja kitanzi: "Marahaba, lete mkono." Nikamlalamikia kwamba ananifunga kama mbuzi. Akasema mbuzi angekuwa nafuu, kwani mbuzi hajisifu.

Mwimbaji wetu mkuu tunamwita Bwana Kifua, kwa jinsi kifua chake kinavyomtangulia mlangoni. Sauti anayo, hilo hata mimi namkubalia. Kumbukumbu ndiyo hana. Katika ule mchezo wetu wa mfalme, wimbo wa mwisho una beti nne, na ubeti wa tatu humtoka kila mara, kama vile kauandikiwa kwenye maji. Mama alikuwa akimwimbia kutoka nyuma ya kitambaa, nusu mstari mbele yake. Siku moja akaja mhakiki wa gazeti la Jumapili, yule tunayemwita Nyota Mbili kwa sababu alikuwa hajawahi kutoa ya tatu. Akaisikia sauti ile. Akaandika kwamba huo mwangwi wa kike unaomtangulia mfalme, kama kifo kinachomwita kwa jina, ndio uthubutu mkubwa kuliko wote wa mtunzi. Mwaka ule mtunzi akapewa tuzo ya muziki. Alipanda jukwaani, akamshukuru mama yake, mwalimu wake wa kinanda, na mbwa wake.

Mama Kitabu alikikata kipande kile cha gazeti akakifanya alama ya kurasa. Nilimuuliza kama haimuumi. "Kifo hakipewi tuzo, mwanangu," akanijibu. "Lete mkono."

Mwaka huu kamati ya tuzo, baada ya kelele za miaka mingi, ilianzisha tuzo mpya kwa ajili ya watu wa nyuma ya jukwaa. Waliteuliwa watatu, na Mama akawa mmoja wao. Habari ilipobandikwa ubaoni, mpiga tarumbeta alipuliza kwenye korido mpaka mafundi cherehani wakamfukuza na mikasi. Mama alisema hayo ni mambo ya vijana. Lakini wiki ile ile tuliona boksi la viatu chini ya stuli yake. Bawabu alipomtania kwamba bibi kizee anataka kucheza dansi, alisema ni vya siku ya tuzo, na vidole visiguse. Katika miaka yangu sita sikuwahi kumwona mwanamke yule akitaka kitu chochote. Hicho alikitaka.

Waamuzi walikuja Jumapili, onyesho la saa tisa alasiri. Yaliyotokea mnayajua, lakini Katibu anataka yawepo kwenye kumbukumbu. Bwana Kifua alimaliza wimbo, akaanguka, akafa kama mfalme anavyotakiwa kufa. Ala zikanyamaza. Pazia halikushuka. Mfalme akaendelea kufa. Vumbi la jukwaani likampata puani, akapiga chafya, na binti mmoja wa kwaya, aliyelelewa vizuri kupita kiasi, akamwambia marehemu, "Afya, baba." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Ndipo pazia likashuka.

Karatasi ya waamuzi ilikuwa na sentensi moja tu juu ya Mama: "Mshika kitabu alichelewa kutoa ishara ya mwisho." Tuzo ikaenda kwa fundi taa wa nyumba nyingine, na watu wanasema ni fundi mzuri. Mbele yetu sote Meneja aliuliza kulikoni. Mama akasema, "Mkono wangu ulichelewa," akaenda kunywa maji. Tangu hapo korido zimekuwa na msemo mmoja: mkono umezeeka, afadhali anapumzika. Uongozi umeagiza taa mpya nyekundu, kamba itatolewa. Viatu bado viko kwenye boksi, na karatasi yake laini haijafunuliwa.

Hata hivyo kazi ya mtu haipimwi kwa alasiri moja. Mama ametumika chini ya mameneja wanne na kushika vitabu vya michezo hamsini na minane. Siku alizokosa kazini ni mbili. Ya kwanza alikuwa akijifungua binti yake, na ya pili binti akijifungua. Waimbaji waliopita hapa na sasa picha zao ni kubwa kuliko milango, karibu wote aliwahi kuwaokoa na ubeti fulani. Hawasemi, lakini wakija kutembea humpitia kwanza yeye, kabla ya Meneja, na kila mmoja hupewa peremende moja ya mnanaa, kama alivyopewa alipokuwa si kitu.

Kwa niaba ya waimbaji, wapiga ala, mafundi na bawabu, tunakushukuru, Mama. Tunakuombea asubuhi zisizo na mazoezi, miguu iliyonyooshwa, na wajukuu wasiosahau maneno. Ukija kutuona, ukae mbele, kiti cha katikati, na ukilala usingizi hakuna atakayekuamsha.

Hapo ndipo Katibu alipoishia kusoma na kugonga muhuri. Kipande hiki cha mwisho hakukiona. Nimekipeleka mwenyewe kwa mpiga chapa, nikamwambia kilidondoka njiani. Meneja akitaka kunifukuza, nipo nyuma ya nguzo.

Jumapili ile asubuhi Nyota Mbili alikuwa ameandika juu ya mchezo wetu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akatoa nyota tatu. Mstari wa mwisho ulisema pazia letu linashuka kama kope za mtu anayesinzia. Huyo ni mimi. Hakuna mtu aliyewahi kuniandika popote, ukiacha mwalimu aliyeandika jina langu kwenye orodha ya wapiga kelele. Kipande kile kilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, hatua nane kutoka kwenye nguzo yangu. Mpaka wimbo wa mwisho unaanza nilikuwa nimekisoma mara kumi na moja.

Kamba ya Mama haifiki hatua nane. Wimbo una beti nne, dakika saba. Nikajiambia nakisoma mara moja tu, kabla ubeti wa tatu haujaisha nimesharudi. Nikakivua kitanzi, nikakitundika kwenye msumari wa koti.

Siku ile Bwana Kifua, kwa kuwaogopa waamuzi, hakusahau maneno ya ubeti wa tatu: aliuruka ubeti mzima. Mama akainua mkono mmoja tu kwa wapiga ala, akawavusha wote mpaka wa nne, na katika ukumbi ule hakuna aliyegundua, hata waamuzi. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na mimi sikuisikia. Nilikuwa nimefika kwenye neno "kope" kicheko kilipolipuka.

Nilikimbia. Nilimkuta nyuma ya nguzo, ameshika kamba nene ya pazia kwa mikono yote miwili, analiteremsha peke yake, polepole, kama linavyotakiwa. Msumari alikuwa ameshauona. Pazia lilipogusa sakafu alichukua kitanzi, akaniambia, "Lete mkono," akanifunga. Meneja alipofika alinikuta nimefungwa vizuri kabisa.

Sijamuuliza kwa nini, naye hajasema. Ninyi mnaosema kwenye korido nzima, na ninyi waamuzi, na wewe Mama ambaye sikukwambia siku ile wala siku zote zilizofuata: mkono haukuchelewa. Ulivuta mara moja, kisha mara mbili, kwa wakati wake. Upande wangu ulivuta msumari.