Sijakataa Si Nimekubali

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kiwanda chetu cha viberiti, wakuu wa idara, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wa karakana mliofuata harufu ya jikoni: wakubwa shikamooni, wengine habari za mchana.

Tunamuaga mkaguzi wetu wa ubora, ambaye nyuma ya mgongo wake tunamwita Mama Sijakataa. Jina hilo nalitaja leo mbele ya uso wake kwa kuwa kesho hana tena mamlaka ya kuzuia mzigo wangu. Mimi ndiye mchanganya dawa, ile nyekundu ya kichwani mwa njiti. Kwa wasiojua, yeye pia ni mama mkwe wangu, Mungu anipe subira.

Mwaka ule nilikuwa nimeshapeleka posa kwa binti yake, nasubiri jibu, ndipo wateja wakalalamika kwamba njiti haziwaki. Mkurugenzi akafungua kiberiti kimoja mbele yetu, akawasha, nne zikagoma. Akanguruma, "Mchanganya dawa, nje!" Kiberiti kimoja, Mheshimiwa! Nani huacha mke kwa chungu kimoja kilichoungua?

Mama akasema, "Bosi, siku zote njiti mbili katika mia hugoma. Tuanze kwa kudhani dawa ya huyu ni ile ile. Ushahidi ukizidi, tutaikataa dhana hiyo, naye aende zake."

"Basi washa zote!"

"Nikiwasha zote utauza nini, moshi?"

Akachota sampuli, njiti chache kutoka kila kreti, jumla elfu moja, bila kuchagua sura. Kabla ya kuwasha hata moja, akaandika ukutani kwa chaki: zikigoma nyingi kiasi ambacho dawa isiyo na kasoro hukifikia kwa bahati mbaya chini ya mara tano katika mia, nafukuzwa. Tukawasha, tukakohoa, macho yakatutoka machozi. Tulitarajia zigome ishirini. Zikagoma ishirini na saba.

Ndugu zangu, mmewahi kuona mtu akipiga hesabu huku kazi yenu na mchumba wenu vimekaa kwenye ncha ya kalamu yake? Nililowa jasho mpaka kwenye soksi.

"Hata dawa isiyo na kasoro ingefika hapa mara sita katika mia," akasema. "Sita haiko chini ya tano. Sijaikataa."

Mkurugenzi, usiangalie saa, ulitaka kufuta tano uandike kumi! Mama akakuzuia mkono: "Goli halihamishwi mpira ukiwa hewani."

Nikaruka kwa furaha. "Kwa hiyo sina kosa!"

"Nani kasema? Sijakataa si nimekubali. Ushahidi haukutosha, basi."

Na nilipokwenda kwake kuulizia posa, mnadhani alijibu nini? "Sijapata ushahidi wa kukukataa." Nikaoa kwa jibu hilo hilo! Nimemzibia paa, nimempa wajukuu, na neno "nimekubali" sijalisikia mpaka leo, na linaniuma.

Sasa Mama, unastaafu. Mbele ya mashahidi hawa wote, umenikubali au hujanikubali? Sema kwa sauti, wa nyuma wasikie.

Mmemsikia? Eti, "Sampuli bado ndogo, mwanangu."

Ngojeni kwanza, msicheke. Mwanangu? Miaka yote hii ananiita "wewe mchanganya dawa."

Jamani, nilikuwa na maneno mengine, yamenipotea. Asante, Mama. Nanyi nyote asanteni kwa masikio yenu. Mwenye leso aniazime.