Siki ya Bwana Harusi

Mwaka ule wazungu wa karanga walipoanza kufungasha, matrekta yakapungua Nachingwea, na sisi tuliokosa kazi tukahamia kwenye benchi la Kaimu muuza kahawa, mkabala na duka la Jivraj. Isihaka alikuwa dereva wa trekta. Tulimwita Gia Tatu, maana hata kwa miguu alikwenda mbio. Adinani, mnene wetu, tulimwita Redio, kwa kuwa hakuna aliyejua pa kumzimia. Jioni moja ya Jumatano Isihaka alikuja kajishika kifua. Ijumaa alikuwa anamwoa Zaitun wa Lionja.

— Kifua kinaungua, akasema. Tangu jana chakula hakipiti.

— Umekula nini? akauliza Kaimu.

Isihaka akatoa chupa.

— Siki ya matufaha. Kaniachia mzungu wangu alipoondoka. Yeye alikuwa anakunywa kila asubuhi. Na mimi nakunywa, kikombe kizima, kabla sijatia kitu tumboni.

— Tufaha ndiyo nini?

— Bibo la Ulaya, akadakia Redio. Ila korosho yake iko ndani.

Kaimu akanusa, akarudi nyuma.

— Imechacha hii! Bibo likichacha si ndiyo uraka? Bwana harusi, unakunywa pombe?

— Siyo pombe, akasema Redio. Pombe ikizeeka inatubu, inakuwa siki.

— Sasa mbona inamchoma?

— Inafukuza baridi ya kiunoni. Ongeza, Gia Tatu! Dawa ya moto ni moto.

Na mimi nikatia langu: wazungu ni wekundu kwa ajili ya siki hiyohiyo, na Isihaka akiendelea atageuka mwekundu vilevile, Ijumaa shehe atamkataa, atasema mwoaji hajafika.

— Mvumilivu hula mbivu, akamaliza Redio. Na hii imeiva mpaka imepitiliza!

Tulicheka sana. Isihaka hakucheka.

— Nisipokula pilau mbele ya wakwe, watasemaje?

Kelele zetu zilimtoa dukani Mama Jivraj, mama yake mwenye duka, ambaye watu walimwendea kwa tiba za Kihindi. Akanusa chupa, akamtazama Isihaka anavyotoka jasho.

— Mwanangu, wazee wetu wanasema kila mwili una tabia yake. Upo wa upepo, upo wa moto, upo wa maji. Wewe mwembamba, jasho jingi, hasira karibu. Wewe moto. Na siki ni moto. Unapalilia makaa tumboni.

— Kwa hiyo siki mbaya? akauliza Redio.

— Siyo mbaya. Ya kwako wewe. Mzito, unakoroma, kohozi haliishi. Wewe maji. Kijiko kimoja tu kwenye maji ya uvuguvugu, uamke hapo ulipokaa.

Kaimu alicheka mpaka akamwaga kahawa. Mama Jivraj akamgeukia tena Isihaka.

— Lakini kabla hujaanza kunywa, ulikuwa unaumwa nini?

Kumbe katika sisi sote hakuna aliyemwuliza hilo, hata Redio.

— Sikuwa naumwa, mama, Isihaka akasema polepole. Nilikuwa naogopa. Zaitun alinikubali niko juu ya trekta. Sasa natembea kwa miguu. Yule mzungu alikuwa na kifua kama pipa. Nikasema, basi angalau ninenepe.

Yule mama hakumcheka. Alimpa giligilani, akamwambia ailoweke, anywe maji yake taratibu. Ale wali laini, pilipili na kahawa aziache. Alhamisi moto ukatulia. Ijumaa Isihaka alikula pilau mpaka wakwe wakatazamana.

Wiki iliyofuata tulikwenda Lionja kuwatembelea, na Redio, kama kawaida yake, akayamwaga yote mbele ya Zaitun: chupa, pipa, na hofu ya mumewe. Isihaka akainamisha kichwa. Zaitun alicheka hadi akajifunika uso kwa kanga, kisha akamsogezea mumewe sahani.

— Mimi nimeolewa na huyu mwembamba, akasema. Siku akija mnene nitamfungia mlango, nimwulize mume wangu kampeleka wapi.