Kamari ya Vifuniko

Mama wenzangu, ulizeni kabla ya kutupa. Ndani ya basi la kwenda mjini, mama mmoja wa Pumwani, aliyevaa buibui, alimwambia jirani yake wa kiti: “Mwalimu amewapa watoto vifuniko vya soda vyenye herufi, wapange maneno. Binti yangu Lela akishinda, anachukua vya mwenzake. Nikaona hii kamari, nikavitupa chooni.”

Yule jirani, mama wa Kaloleni, akacheka. “Kamari ya vifuniko, dada? Nani ametajirika nayo? Wangu alikuwa akianguka imla kila mara; mchezo huo ndio uliomwinua.”

Alicheka peke yake; yule wa buibui akasema: “Lela hataki tena kushika kalamu, na mtihani ni kesho.”

“Si ungemwuliza mwalimu kwanza?”

“Angenionyesha zile herufi,” akasema polepole, “nami sizijui hata moja.”

Basi likasimama. Wakashuka bila kuagana.