Bi Blanketi na Fundo Ambalo Halikuwa Lake

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa nne asubuhi, mpishi wetu Bi Blanketi atavua aproni yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja katika jiko la wafanyakazi la hospitali hii. Katika miaka yote hiyo alikosa zamu mbili tu: siku aliyojifungua kitinda mimba wake, na siku mafuriko yalipofunika barabara. Mara zote mbili alituma mtu kutueleza uji uko wapi.

Ofisi iliniomba nusu ukurasa, "kitu chepesi, cha kufurahisha," kwa kuwa nilikuwa msimamizi wa jiko hilo kwa miaka kumi na tisa. Nitapitiliza nusu ukurasa, na si yote yatafurahisha. Daktari wangu, ambaye ujana wake wote alikunywa uji huohuo, ameniambia waziwazi kwamba sitapata nafasi ya kuandika mara ya pili. Naomba basi maneno haya yachapwe kama yalivyo, na mtu asinipunguzie hasira.

Bi Blanketi alipoanza kazi, kifungua kinywa cha zamu ya kwanza kilikuwa aibu. Wauguzi, wafagiaji na madereva wa gari la wagonjwa walifika saa kumi na moja na nusu alfajiri, njaa inawauma, wakakuta mkate mkavu na chai vuguvugu. Majiko yalikuwa mawili, watu mia na ishirini. Sisi wakubwa tulisema kuwapikia kitu cha moto saa hiyo haiwezekani. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa unaamka saa moja na kukuta chai mezani.

Yeye hakubishana. Alileta blanketi tatu kuukuu kutoka kwake, akaomba sanduku kubwa la mbao lililokuja na mashine ya eksirei. Saa kumi na mbili jioni alichemsha uji wa shayiri kwa maziwa katika sufuria tatu, akauacha utokote sawasawa, akafunika, akazungushia kila sufuria blanketi, akafunga kwa kamba na kuzitumbukiza sandukuni, matambara yakiwa yameshindiliwa pembeni. Kisha akaenda zake nyumbani. Uji ulijipika wenyewe. Alfajiri alipofungua, mvuke ulimpiga usoni, na majiko yote mawili yalikuwa huru kwa mayai. Nayo mayai alikuwa na njia yake: yai moja katika kikombe cha bati kilichopakwa mafuta, vikombe vikapangwa kwenye trei pana zenye maji ya moto, mfuniko juu, dakika nane. Hakuna kukaanga wala kugeuza. Muuguzi alichukua kikombe na kijiko, akala huku anaelekea wodini.

Ujuzi wake hakuufanyia choyo. Muuguzi mmoja wa wodi ya watoto alimlalamikia kwamba anawaacha wanawe watatu wamelala, na wanakwenda shule bila kitu tumboni.

"Una chupa ya chai?" Bi Blanketi akamuuliza.

"Ninayo."

"Basi una mpishi. Jioni tia shayiri iliyopondwa, konzi moja kwa kila mtoto, chumvi kidogo, maji yanayotokota, funga. Mkubwa wao ana miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Huyo anajua kumimina. Wewe nenda kazini, mwanangu, acha kulia."

Sharti lake lilikuwa moja tu: akishafunga, asifungue mtu mwingine. "Uji si mgonjwa," alituambia, "haupitiwi kuangaliwa unaendeleaje." Madaktari ndio waliocheka kuliko wote.

Sasa nasema lililonileta hapa.

Mwaka wa kumi na moja wa kazi yake, jioni moja, alikuja mgeni kutoka bodi ya hospitali. Nilitaka kumringia. Bi Blanketi alikuwa ameshaondoka. Nikamwingiza mgeni jikoni, nikafungua sanduku, nikafungua blanketi zote tatu, nikafunua sufuria moja baada ya nyingine, nikachota kwa upawa tukaonja, nikapiga domo kuhusu "utaratibu wetu." Ninaandika "wetu" na mkono unaona haya. Tulikaa pale karibu saa nzima, sufuria ziko wazi. Kisha nikafunika haraka haraka, nikafunga kamba kama mtu anavyofunga kiatu, tukaondoka.

Alfajiri nilimkuta Bi Blanketi amesimama mbele ya sanduku, ameweka mikono kiunoni.

"Bosi, uji huu umeguswa. Hauna moto, na maziwa yakilala vuguvugu huharibika. Tuumwage, wale mayai na mkate leo."

Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Ningekiri hapo, yangeishia hapo. Nikamwambia, "Pasha, upakue. Watu wanasubiri." Akakataa. Nikamwamuru. Akapasha, akapakua, yeye mwenyewe hakunywa. Kufikia adhuhuri wafanyakazi arobaini na mmoja walikuwa wanatapika, na wodi mbili hazikuwa na muuguzi.

Kamati ilipokaa, niliulizwa kama niliingia jikoni jioni ile. Nikasema sikuingia. Niliulizwa kama nilionywa. Nikasema sikuonywa. Mgeni wangu hakuulizwa, naye hakujitokeza. Bi Blanketi aliposimama, alisema jambo moja, kwamba fundo alilolikuta kwenye kamba halikuwa lake. Yeye hufunga fundo la mzigo, na alikuta fundo la kiatu. Wanakamati wakacheka. Mwanamke anajitetea kwa fundo! Na mimi nilicheka nao. Kati ya yote niliyoyatenda, kicheko hicho ndicho kinachonichoma zaidi, nami sitaki kipoe.

Barua ya onyo niliiandika mimi. Alivuliwa upishi mkuu, akawekwa kuosha sufuria miaka mitatu. Aliporudishwa kwenye jiko, alikuwa chini ya vijana aliowafundisha mwenyewe kushika mwiko. Mwaka uliofuata mimi nilipewa cheti cha "ubunifu katika kifungua kinywa cha moto." Kilining'inia sebuleni kwangu mpaka wiki iliyopita.

Na mwezi huu kamati nyingine imemnyima cheti cha utumishi bora, ikampa cha kawaida, kwa sababu faili lake "si safi." Uchafu ule ni wangu, enyi wanakamati! Miaka thelathini na mmoja mmeshibishwa na mikono yake, na hakuna aliyeuliza uji uliotunzwa salama maelfu ya alfajiri uliharibikaje siku moja.

Jumatatu niliomba nipelekwe jikoni. Nilimweleza yote nikiwa nimekaa kwenye kigoda, yeye akiendelea kuvunja mayai kwenye vikombe.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa nakuona ukifunga viatu vyako kila siku, mzee."

Nikamwomba radhi. Akafunika trei, akatazama saa ya ukutani.

"Radhi tutaizungumza. Kwanza kaandike."

Nimeandika. Kiapo changu, chenye sahihi yangu na ya daktari kama shahidi, kimo mezani kwa mkurugenzi tangu Jumatano, pamoja na kile cheti cha ubunifu, ili kiandikwe jina la mwenyewe. Nanyi mlioshika programu hii ukumbini, fanyeni jambo moja kwa ajili yake. Chakula kikishaandaliwa, msiguse sahani mpaka mkurugenzi aichane barua ile ya onyo mbele yenu na kumpa cheti anachostahili. Kikipoa, kipoe. Mtakuwa mmejua wenzenu walikuwa wanakula nini kabla yake.

Bi Blanketi, ahsante kwa kila alfajiri. Asubuhi yako ya kwanza ya mapumziko nakuombea ulale mpaka jua liingie dirishani, mtu mwingine aamke akupikie, akuletee kitandani kikombe kinachofuka mvuke. Na popote utakapofunga kitu chako, ukikute na fundo lako.