Bi Sada binti Mudathiri, Aliyekataa Kuiuza Sauti ya Mama Yake (1953–2025)

Miaka haina haraka. Humchukua mtu akiwa wa kubebwa mgongoni, ikamrudisha akiwa wa kubebwa mabegani, na katikati humpangia asubuhi nyingi asizoweza kuzikumbuka. Toka mwaka 1372 wa Hijra hadi huu wa 1446 miaka ilimpitia Bi Sada binti Mudathiri kama inavyompitia kila kiumbe, ikamchukulia wazazi, mume, meno na nguvu za miguu. Jambo moja ilishindwa kumpokonya, na hilo litasemwa leo mbele ya jeneza lake bila kumwomba radhi mtu yeyote.

Marehemu alizaliwa Kilwa Kivinje tarehe 9 Machi 1953, mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Mudathiri, mfanyabiashara wa mbata, na Bi Siti binti Suleiman. Mwaka 1958 familia ilihamia Lindi mjini. Huko Bi Siti aliongoza kikundi cha akina mama wasoma kasida, na wazee waliopo hapa ni mashahidi kwamba alipoinua sauti, wapishi wa shughuli waliacha miiko ndani ya vyungu.

Bi Sada alihitimu Qur'ani tukufu mwaka 1965 na akamaliza shule ya msingi mwaka 1968. Katikati ya miaka hiyo, mwezi Agosti 1966, lilifika Lindi lori la watu wa kurekodi santuri. Wakakirekodi kikundi cha Bi Siti kasida mbili, moja kila upande. Sada, binti wa miaka kumi na mitatu, alikuwa miongoni mwa waitikiaji, naye akaingia kwenye kiitikio kabla ya wenzake wote. Fundi akasimamisha mashine, akataka kasida irudiwe. Bi Siti akamwambia, "Muache mwanangu. Ana haraka ya kumsalia Mtume. Wewe unataka umrudishe nyuma?" Kosa lile likabaki ndani ya santuri. Bi Siti alifariki mwaka 1971. Kwa kuwa hakupenda kupigwa picha, kilichobaki duniani cha kuonesha kwamba aliishi ni sauti ile.

Tarehe 14 Juni 1974 Bi Sada aliolewa na marehemu Salumu, fundi cherehani wa Sudi. Alipoulizwa mahari yake, alijibu kwamba anataka gramafoni. Shangazi yake akashika kichwa: "Wenzio wanataka kitanda, wewe wataka kisanduku kinachopiga kelele!" Bi Sada akajibu, "Kitanda nitakilalia, shangazi. Hiki kitaniamshia mama." Mahari ni haki ya mwanamke, na haki hiyo ikatimizwa. Mwenyezi Mungu aliwaruzuku watoto wawili, Ridhiwani na Hafsa.

Toka mwaka 1979 hadi 2016 marehemu aliuza vyombo katika soko la Lindi. Zilikuwa zama za kaseti, na watu wa pwani hii walianza tabia ambayo leo wajukuu wao huionea aibu: walichovya santuri katika maji ya moto, wakazikunja juu ya sufuria iliyopinduliwa, zikawa mabakuli ya kuwekea karanga. Mwaka 1984, alipokuwa akihamia Lindi moja kwa moja kutoka Sudi, Bi Sada aliiweka santuri ya mama yake nyumbani kwa kaka yake, Sheikh Abdurahmani, hapa Mitwero. Aliporudi kuichukua aliikuta juu ya meza ya darsa, imekunjwa.

"Kaka, umeweka nini humu?"

"Kalamu za wanafunzi."

"Umeziweka kinywani mwa mama."

Kaka yake alimjibu kwamba maiti huhitaji dua, hahitaji sindano ya gramafoni. Kauli ya kwanza ni kweli. Ya pili ilisemwa na mtu aliyesoma vitabu vingi na hakujua amekunja nini.

Bi Sada hakugombana. Siku ya pili yake alijitwisha mabakuli ya bati yenye maua, akaanza kupita nyumba kwa nyumba: atakayempa santuri atapewa bakuli. Alifika Mchinga, Kilwa Masoko, hadi vijiji vya ndani. Walimwita chizi wa santuri, naye akiitwa aliitika. "Mimi chizi nina bakuli," aliwaambia. "Nyie wenye akili mnakula karanga kwenye nyimbo." Miaka minne alikusanya za dansi, za taarabu na za ngoma, mia kadhaa, asipate aliyoitafuta. Mwaka 1988, huko Kikole, aliomba maji ya kunywa, na mwenye nyumba akafunua mtungi. Kifuniko kilikuwa santuri, bapa, nzima, haikuguswa na moto. Ilikuwa nakala nyingine ya ile ya Bi Siti. Mwenye mtungi alidai mabakuli mawili, akajiona amempunja. Bi Sada alimwachia yote, akarudi Lindi kichwa kitupu.

Dunia ikageuka. Vijana wakachoka na muziki usioshikika, wakaanza kuzitafuta tena santuri. Mwezi Novemba 2023 Hafsa alimpeleka mama yake Dar es Salaam kwenye soko la santuri, ambako watu walisimama foleni kwa ajili ya vitu vile vile vilivyomfanya aitwe chizi. Mfanyabiashara mmoja, Bwana Laurenti, aliisikiliza santuri ya Bi Siti mara moja tu, akavua kofia.

"Shikamoo, mama. Taja bei yoyote."

"Marahaba, mwanangu. Huyo ni mama yangu. Mama hanunuliwi, huposwa. Nenda kapose kwa kaka yangu Lindi, ujiandae kutimuliwa."

Mwezi Mei 2024 figo za marehemu zilianza kushindwa kazi. Jamaa waliketi kikao, wakaona kwamba santuri iuzwe ili atibiwe. Walisema kwa mapenzi, na hakuna wa kulaumiwa. Bi Sada akiwa kitandani alisema, "Nitibiwe kwa vyombo vyangu, nitibiwe kwa kiwanja changu. Santuri haitoki Lindi." Kisha akamgeukia kaka yake: "Niandikie wakfu."

Kaka yake alimkumbusha kwamba wakfu ni kitu kinachonufaisha huku dhati yake ikibaki, na sindano huila santuri kila inapopigwa.

"Msahafu nao huchakaa kwa kusomwa," alisema Bi Sada. "Mmewahi kuukataa msikitini?"

Sheikh alirudi kwenye vitabu vyake wiki tatu. Tarehe 2 Septemba 2024 aliuandika wakfu kwa mkono wake, kwa kalamu iliyotoka katika bakuli lile lile. Bwana Laurenti, alipoarifiwa, hakuleta tena bei. Alileta sindano mpya.

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, mwezi 12 Shaabani, baada ya sala ya alasiri, akiwa na fahamu zake. Wapo waliopiga simu hata asubuhi ya leo kuulizia santuri. Jibu lake ni lile lile, na sasa lina mashahidi: haiuzwi, haiazimwi, haisafiri. Leo haitapigwa, kwani mwenyewe aliagiza asisindikizwe ila kwa tahalili. Arobaini ikipita, nyumba yake itakuwa wazi kila Alhamisi kwa yeyote anayetaka kumsikia Bi Siti.

Atakayekwenda asikilize vizuri kiitikio. Kabla ya wote kuitika, kuna sauti ya mtoto inayotangulia peke yake. Huyo ndiye Sada. Ametangulia tena, nasi tutaitika kwa zamu zetu.

Ameacha kaka mmoja, watoto wawili, wajukuu saba na kitukuu mmoja, Siti. Ewe Mola, mpanulie kaburi lake na ulitie nuru, mkutanishe na mama yake palipo na sauti nzuri kuliko hizi, na utupe sisi jamaa zake subira, na masikio ya kuitunza amana yake. Amina.